Ukungu wa mita 60

"Hii TV yenu imekufa?"

Ndo swali la kwanza la mjomba alipoingia bandani, na ukiangalia kwa macho ya mtu aliyetoka baharini hana kosa, maana kioo kizima kilikuwa kijivu, katikati kuna mgongo wa mtu kavaa singlendi nyeupe, mbele yake kipande cha lami kama hatua chache hivi, afu basi, hakuna kitu. Madogo sita wamekodolea macho hicho kijivu kama wanaangalia penati. Nikamwambia shikamoo mjomba, TV nzima, hiyo ni modi yangu. Marahaba, modi ndo mdudu gani. Nikamwambia nimeipunguzia gemu macho. Akaniangalia, akavuta kiti cha plastiki, akakaa.

"Umeipunguzia macho. Na wanalipa?"

Wanalipa mjomba. Mia tano nusu saa, bei ileile ya gemu inayoona.

Sasa nieleze vizuri, maana watu wengi wameniuliza hiyo modi, yaani gemu uliyoichokonoa mwenyewe ukaibadilisha, ni nini na kwa nini mtu mwenye akili zake aharibu gemu nzuri. Hapa Makorora, Tanga, jioni huwa namsaidia kaka mmoja banda lake la gemu. Ana PS2 mbili, ana kompyuta moja ya zamani, na kwenye hiyo kompyuta kinachotembea bila kugandaganda ni GTA San Andreas, ile ya kuendesha magari na kukimbizwa na polisi. Gemu ya 2004 hiyo, ya kompyuta ikaja 2005, yaani kuna madogo wanaoicheza leo ambao gemu yenyewe ni kaka yao. Na wanaijua balaa. Wanaijua Los Santos, mji wa mle kwenye gemu, kama mtu wa Ngamiani anavyozijua barabara zake kwa namba, ukimwambia kata hapa utokee kule hakuulizi mara mbili. Kila siku kelele ni moja: mi hii namaliza nimefumba macho. Wa kwanza anasema, wa pili anasema, mpaka siku moja nikasema haya, tutaona.

Lakini wazo lenyewe halikuanzia bandani, lilianzia Amboni. Nilikuwa nimewapeleka wageni fulani, unajua tena ukiwa mtu wa Tanga kila mgeni akija lazima umpeleke mapangoni, hata kama we mwenyewe ushaenda mara kumi. Tumeingia ndani, yale mawe ya chokaa yananing'inia, popo wanapiga kelele huko juu, tumefika sehemu moja muongozaji akasema zimeni simu zote, akazima tochi yake. Kama hujawahi kukaa kwenye giza la pangoni usiseme unalijua giza. Usiku wa umeme kukatika si giza, kuna nyota, kuna pikipiki, kuna jirani ana koroboi. Pale unaweka mkono mbele ya pua na mkono haupo. Kilichonishangaza ni kwamba sekunde za mwanzo watu walicheka, halafu wote kimya, halafu ghafla nikaanza kusikia. Tone la maji kushoto kwangu. Mtu anavyopumua nyuma. Kiatu cha mgeni kinasugua jiwe. Yaani vitu vyote hivyo vilikuwepo na tochi ikiwaka ila hakuna aliyevisikia. Nilivyotoka pale njia nzima ya kurudi mjini nawaza gemu, ndo akili zangu zilivyo, mnisamehe.

Kiufundi kazi yenyewe si ngumu kama watu wanavyodhani. San Andreas ina folda inaitwa data, ndani yake kuna faili linaitwa timecyc.dat, ni maandishi matupu, unalifungua na Notepad tu. Humo ndo kuna hali ya hewa yote ya gemu. Kila hali ya hewa, jua kali la Los Santos, mawingu ya mashambani, ukungu wa San Fierro, kimbunga cha mchanga jangwani, imepewa mistari 8, kuanzia usiku wa manane, saa 11 alfajiri, saa 12, mpaka saa 4 usiku, na kila mstari una msururu wa namba: rangi ya mbingu juu, rangi ya mbingu chini, ukubwa wa jua, vivuli, mpaka unazikuta mbili ndo nilikuwa nazitafuta. Moja inasema gemu ichore vitu mpaka umbali gani, nyingine inasema ukungu uanzie wapi. Kawaida hiyo ya kwanza ni mamia. Mi nikaweka 60. Ya ukungu nikaweka 5.

Nimefanya bakapu kwanza lakini, yaani nakala ya faili la mwanzo. Usiguse faili lolote bila bakapu, hili nawaambia kwa machungu.

Jaribio la kwanza lilikuwa kituko. Kumbe ukungu wa hii gemu unachukua rangi ya mbingu ya chini, kule kwenye upeo, na mi sikuigusa, kwa hiyo saa za jioni Los Santos nzima ikawa ya rangi ya chungwa kama mtu kamwaga Fanta kwenye kioo. Dogo mmoja akauliza kama ndo kiama. Nikarekebisha ikawa kijivu. Tukaendelea vizuri, mtu anaendesha anagonga nguzo watu wanacheka, afu akatoka nje ya mji kwenda mashambani, ukungu ukafyekwa wote kama mtu kavuta pazia. Nikasahau bwana, kila eneo lina hali zake za hewa, mi nilibadilisha za Los Santos tu. Ikabidi nikae usiku kucha nabadilisha mistari zaidi ya 160, mmoja mmoja, huku mbu wa Makorora wananila kama wamelipia.

Afu ndo nikagundua kosa kubwa zaidi, na hili ndo nataka tulikalie kidogo. Madogo hawakuwa wanahangaika kabisa! Wanakata kona kwenye ukungu kama kawaida. Nikasogea nyuma yao kuangalia macho yao yako wapi. Yako kwenye rada. Kale kaduara ka ramani kule chini kushoto. Nimeziba dirisha kubwa watu wanachungulia kwenye tundu la ufunguo, na wanaona vizuri tu, afadhali hata ya mwanzo maana sasa hawasumbuliwi na mandhari. Gemu nzima imegeuka kuwa kaduara.

Rada unaweza kuizima kwenye menyu, ila na wao wanaijua menyu, nikigeuka kuchukua hela wameiwasha. Kwa hiyo nikafuata dawa yenyewe: ramani ya rada imekatwa vipande 144, 12 kwa 12, vimo ndani ya faili la gta3.img, nikavitoa nikavipaka vyote vyeusi nikavirudisha. Hapo ikatokea kitu ambacho sikukipanga na ndo nakipenda kuliko vyote kwenye hii modi. Kaduara kamekuwa keusi tii, lakini herufi ya kaskazini bado ipo, na alama ya unakokwenda bado ipo. Unajua kitu kiko upande gani, hujui barabara inapita wapi. Ni kama kuambiwa Pangani ni kule, kusini, haya nenda, mto utaukuta mwenyewe.

Sasa hapa ngoja nitoke nje kidogo maana kuna jamaa aliniambia "huo ukungu si kitu kipya, gemu za zamani zote zilikuwa nao." Kweli kabisa, na historia yake tamu. Silent Hill ya 1999 ukungu wake maarufu ulitokana na udhaifu wa mashine, PlayStation ya kwanza ilikuwa na memori ya megabaiti 2, haiwezi kuchora mji mzima, kwa hiyo wakafunika mji na ukungu na giza, na huo udhaifu ndo ukawa utisho wenyewe. San Andreas nayo hivyohivyo, PS2 ina megabaiti 32 na ramani ni kama kilomita 6 kwa 6, ukungu na moshi ule wa mbali ulikuwa unaficha kwamba hii nchi ni ndogo. Walipoitoa upya Novemba 2021 ukungu wakauondoa, mtu anapanda Mount Chiliad, mlima wa mle kwenye gemu, anaona miji yote kwa mpigo kama mtu anaangalia keki mezani, na watu wakalalamika kweli, safari uliyokuwa unaona ya mbali kumbe ni pale tu. Baadaye wakaurudisha, na Novemba 2024 wakaongeza kabisa mwanga wa kizamani kwenye apdeti. Mi nilicheka. Miaka yote tulikuwa tunalalamika gemu haioni mbali, siku imeona mbali tumekosa raha.

Na kuna upande wa pili. Gemu ya Doom 3, 2004 hiyohiyo. Waliotengeneza waliamua huwezi kushika tochi na bunduki kwa pamoja, uchague, uone au upige. Mashabiki hawakumaliza hata muda, wakatengeneza modi ya tepu, yaani tochi imefungwa kwenye bunduki na tepu, basi. Toleo la 2012 wenyewe wakaweka tochi kwenye vazi. Nawaelewa wote wawili. Mimi nilivyoicheza ile ya mwanzo kilichoniudhi ni kwamba giza lake lilikuwa la kunichelewesha tu. Nikiweka tochi nikichukua bunduki, sijifunzi kitu, nabadilisha mikono. Giza la Amboni lilinipa masikio. Lile la Doom 3 lilinipa kazi ya kubonyeza.

Hiyo ndo hoja yangu nzima kuhusu modi za namna hii na nimebishana nayo na watu mpaka wa mbali. Ukimnyang'anya mchezaji macho lazima umwachie kitu kingine cha kushika. La sivyo hujaifanya gemu kuwa ngumu, umeifanya kuwa kero, na mtu ataenda kwenye PS2 ya pembeni acheze mpira.

Na mi mwenyewe nikaanguka kwenye shimo hilohilo. Maana nilitegemea sauti. San Andreas ina sauti nzuri tu ukitulia, injini unaisikia inatoka upande gani, king'ora cha polisi, watu wa barabarani wanavyoropoka. Nikawaambia madogo sasa sikilizeni, msitoe macho, toeni masikio. Wakawa wanasikiliza, na wote, kila mmoja kwa zamu yake, gari likija wanakwepa kwenda kushoto. Gari linatoka kulia wanaenda kushoto, sawa. Gari linatoka kushoto wanaenda kushoto, paa! Siku mbili nzima naangalia namba zangu nimekosea wapi. Kumbe spika ya kushoto imekufa! Ina miezi hata haijulikani, hakuna aliyewahi kuihitaji. Ulimwengu wote ulikuwa unatokea kulia. Fundi akaja akalehemu waya mmoja, elfu mbili, ikaamka, na wale madogo walivyosikia gari linapita kutoka sikio hili kwenda hili waligeuka kuangalia mlangoni.

Kitu ambacho sijakitatua mpaka leo ni polisi. Ukungu ni picha tu, uko kwenye kioo chako wewe, polisi wa kompyuta yeye hana kioo. Anajua uko wapi kwa hesabu, kwake kila siku ni saa sita mchana. Kwa hiyo ukipata nyota, yaani polisi wameanza kukusaka, unapigwa risasi na watu usiowaona ambao wao wanakuona vizuri kabisa, na hapo hata ukiwa na masikio ya popo hutoboi. Hii ndo sababu naipenda gemu ya Minecraft walivyofanya 2022 kwenye ile apdeti ya 1.19, wakamleta Warden, dude la chini ya ardhi ambalo ni kipofu. Wewe linakutia giza, sawa, ila na lenyewe halioni, linasikia mtikisiko na kunusa. Ukitembea kwa kunyata halikusikii, ukirusha mpira wa theluji pembeni linafuata ule mpira, hata sufu inameza mtikisiko. Mko wawili gizani, mko sawa. Mi siwezi kumfanya polisi wa San Andreas awe kipofu kwa Notepad, kwa hiyo sheria ya bandani ikawa hakuna silaha, hakuna kugonga mtu makusudi, ukipata nyota zamu imeisha, pisha mwenzio.

Haya turudi kwa mjomba kwenye kiti cha plastiki.

Mjomba ni mvuvi, anatokea pale Deep Sea, kwenye soko la samaki, anavua dagaa usiku kwa taa, miaka hata sijui mingapi. Alikuwa amenifuata kwa mambo yake mengine lakini akakaa kama nusu saa anaangalia. Zamu ilikuwa ya dogo mmoja anayejiita fundi, yuko kwenye ile misheni ya Big Smoke ya kufukuza treni na pikipiki. Kwa wasioijua: treni inakimbia, juu yake kuna maadui, wewe unaendesha Sanchez pembeni na Big Smoke, yule bonge, nyuma anapiga risasi, ukibaki nyuma umefeli. Hata bila ukungu ni misheni iliyoliza watu dunia nzima. Dogo anajitupa kwenye ukungu gia zote, anagonga ukuta, anafeli. Anaanza upya, anagonga lori, anafeli. Mara ya nne mjomba akashindwa kuvumilia.

"We mwanangu, una haraka ya nini?"

"Treni inaniacha babu."

"Treni ina reli. Itakwenda wapi?"

Bandani kimya. Maana ni kweli bwana, sisi watu wa Tanga, reli ilianza kujengwa hapa na Wajerumani 1893, hakuna mtoto wa huku asiyejua kwamba treni haikati kona uchochoroni. Dogo alikuwa anaitafuta treni kwenye ukungu wakati reli iko chini ya tairi lake. Akarudia, safari hii macho chini kwenye reli, mlio wa treni uko sikio la kushoto (spika imetengenezwa alhamdulillah), akikaribia sauti inakua, akibaki sauti inapungua. Akafeli tena ila kwa aibu ndogo, Big Smoke mwenyewe alikuwa hapigi kitu.

Mjomba akaanza kuhadithia. Kwamba masika ikiifunga bahari, mvua ikiwa ukuta, taa ya kisiwa cha Ulenge huioni, mji huuoni, mwenzako aliyeko tezi unamuona nusu. Vijana wa siku hizi wanaongeza mafuta wakimbilie nyumbani. Yeye anazima injini. Anazima kabisa, mnakaa. Baada ya muda unasikia mawimbi yanapasuka kwenye mwamba, unajua mwamba uko wapi, ukishajua mwamba umejua kila kitu. Kuna na harufu, akasema, mikoko inanuka kabla hujaiona. Nikamwambia mjomba hapa harufu bado hatujaweka. Akasema basi gemu yenu haijaisha.

Ile ya kuzima injini ikaniingia. Wiki ile tukaweka shindano: usiku, ukungu mita 60, rada nyeusi, unaanzia Grove Street, mashariki, unatakiwa ufike kwenye gati la Santa Maria Beach, magharibi kabisa, Los Santos yote iko katikati. Hakuna silaha. Kila mtu zamu moja, ukifa au ukipata nyota umetoka. Kiingilio mia tano, mshindi anacheza bure Jumamosi nzima. Nikawaalika na wa Mabawa, wakaja na baiskeli zao wamezijaza mlangoni mpaka mwenye duka la jirani akafoka.

Wale mafundi, wanaomaliza gemu wamefumba macho, walikufa wote kabla ya katikati ya mji. Mmoja aliruka daraja. Mmoja alishika barabara kuu upande usio wake, akawa anaona taa za magari zinatokea kijivuni mbilimbili kama macho ya paka, alikwepa sita, la saba likamfuta. Mmoja alikwenda vizuri ajabu, katulia, anasimama kila kona anasikiliza, kumbe anasikiliza vizuri ila anaelekea kaskazini, alitokea mashambani.

Aliyeshinda ni mdogo kuliko wote, darasa la tano, kila siku anakuja kuangalia tu hana hela, kiingilio alichangiwa. Akashika kibodi, CJ, yule mtu wa singlendi tunayemuendesha, yuko mbele ya nyumba, gari lipo pale, akalipita. Tukamwambia dogo gari hilo. Akasema nimeliona. Akaanza kutembea. Kwa miguu! Kashika ukingo wa barabara, bega kwenye ukuta, akisikia gari anaingia mlangoni mwa watu anasubiri lipite. Watu wakaanza kupiga kelele, wengine wanasema ni uoga, wengine wanauliza kama sheria inaruhusu, wananiangalia mimi, na mi sheria nimeandika hakuna silaha, sikuandika lazima gari. Ilimchukua muda mrefu, wengine walitoka kula chipsi wakarudi wakamkuta bado anatembea. Mjomba hakutoka.

Mwishoni mwishoni hakuna ukuta wa kushika tena, ni kijivu chini kijivu juu, dogo anaenda polepole, kila baada ya hatua mbili anasimama. Tukawa tunamuuliza umefika? Hajui. Gati liko kulia au kushoto? Hajui. Akapiga hatua nyingine na CJ akaanza kuogelea.

"Kafika," mjomba akasema, akasimama akachukua kofia yake. "Mwambie next taimu avue viatu."